Tunafunga valizi: namna ya kuaga ndugu wa mbali



Kupokea mgeni, sisi wote tunajua. Hakuna muntu anahitaji kutufundisha ile kazi. Mgeni akifika pa mlango, mtoto anakimbia kushika valizi, mama anaweka maji ya bukari pa moto, baba anatoa kiti. Lakini siku ya kuaga hatuitayarishi. Inakuja tu. Kila mmoja anakimbia huku na huku, machozi yanatoka, mlango wa taxi unafungwa, na mambo makubwa yanabaki bila kusemwa.

Leo tuzungumze juu ya ile siku. Na zaidi sana juu ya kuaga ndugu walio mbali, wale ambao hatuwezi kuwarudia juma lijalo kwa bus ya Likasi.

Mu Lubumbashi jamaa nyingi ziko na mtoto ku Ulaya. Wengi wako Ubelgiji, wengine Ufaransa. Lakini kuko pia wenye kuoa ao kuolewa fasi ambazo zamani tulizisoma tu mu kitabu cha jiografia. Tuchukue mfano wa nchi ya Wacheki. Mji wake mkubwa ni Praha, ule tunaita Prague kwa Kifaransa. Nchi ile ilianza tarehe 1 Januari 1993, wakati Chekoslovakia iligawanyika kuwa nchi mbili. Mbele ya pale, tangu mwaka 1961 mpaka 1974, kulikuwa Praha universite moja iliyoitwa 17 Novemba, iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kati ya wanafunzi wa Afrika waliosoma mu nchi ile, kuko waliooa huko. Basi si ajabu mtu mweusi kuwa na mukwe Mcheki.

Tuseme hivi: mama mmoja wa Katuba ana binti aliyeolewa fasi za Ostrava. Mama amekwenda kuona wajukuu. Amekaa nao karibu miezi mitatu. Sasa zinabaki siku kumi. Afanye nini na hizi siku kumi?

HESABU SIKU BILA KUJIDANGANYA

Nchi ya Wacheki iliingia mu mapatano ya Schengen tarehe 21 Desemba 2007. Viza ya kutembelea haipiti siku 90 ndani ya siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia. Na siku zote ni za nchi zote pamoja. Kama mama alikaa kwanza siku kumi na mbili Brussels kwa ndugu yake, zile kumi na mbili zimekwisha kulika, hazirudi. Tena muangalie vizuri karatasi ya viza yenyewe: wengine wanapewa siku 30 ao 60 tu, na bima ya ugonjwa waliyolipa inafuata zile siku.

Zamani watu walitegemea kashe ya polisi mu paspoti. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandika mgeni kwa mashine, pamoja na alama za vidole na picha ya uso. Mashine haisahau siku.

Kuko sauti ndogo inakuja siku za mwisho. Mara inatoka kwa mtoto mwenyewe: “Mama, baki tu. Ku Lubumbashi utarudia nini?” Mara inatoka kwa rafiki mu telefone. Tusiicheke ile sauti, sababu inatoka mu mapendo, na mara ingine inatoka mu shida. Lakini tuseme kweli: anayekaa kupita siku zake anajifungia mlango wa kurudi. Tena hajifungii yeye peke yake. Yule aliyemwalika kwa mwaliko wa polisi alitia mukono kwamba atalipa gharama za mgeni, hata za kumrudisha kwao. Deni litabaki pa mgongo wa binti na bwana yake. Kama kuko sababu ya kweli, sawa vile ugonjwa, muende kuomba nyongeza ya siku mbele viza haijakwisha. Sheria inaruhusu kuomba vile.

KAA NA MTOTO WAKO PEKE YAKE

Mu miezi mitatu mama amepika, ameosha watoto, amejifunza kuvua viatu pa mlango sawa Wacheki wote na kuvaa viatu vya ndani. Amekula knedlíky, yale madonge ya unga yanayopikwa mu maji, akasema mu moyo: “Hii ni ndugu ya bukari.” Nyumba ilijaa kila siku. Lakini mama na binti walikaa lini wawili peke yao?

Tafuteni siku moja. Muende kutembea mu pori, sababu Wacheki wanapenda sana kuokota uyoga, na binti wa Katanga anajua uyoga tangu utoto, tangu mvua za Desemba. Na mule mu pori umuulize swali ambalo huwezi kuliuliza mbele ya watu: “Mwanangu, uko salama? Bwana yako anakuheshimu? Unalala vizuri? Baridi na giza la huko havikushindi?”

Kisha unyamaze. Umuache ajibu. Binti aliyeolewa mbali anajifunza kusema “ça va” mu telefone, sababu hapendi kuwalilisha watu wa kwao. Telefone haionyeshi mikono namna inavyotetemeka. Wewe peke yako ulikuja mpaka pale, uliona kwa macho yako. Kama kuko kitu kibaya, bora ukijue siku kumi mbele ya ndege kuliko siku kumi nyuma yake. Na kama hakuna kitu, utarudi na moyo mweupe, utamwambia baba yake: “Nilimuuliza, alinijibu.”

USIMKIMBIE MJUKUU

Mu jamaa nyingi kuko desturi moja: mkubwa anayesafiri anangojea mtoto alale, kisha anatoka polepole kusudi mtoto asilie. Tunafikiri tunamhurumia. Kumbe tunamfundisha kwamba mtu unayempenda anaweza kupotea wakati umefunga macho. Asubuhi mtoto anatafuta kambo yake chini ya kitanda. Siku zingine anakataa kulala.

Mtoto wa miaka minne hajui “miezi sita” ni nini. Lakini anajua kuhesabu vidole. Mumpe karatasi yenye vyumba kumi, kila jioni afute kimoja. Aweke yeye mwenyewe kitu kimoja mu valizi ya kambo: picha aliyochora, ao kiatu kilichokuwa kidogo. Na siku ya kwenda, umuamshe, hata kama ni saa kumi za usiku. Umwambie: “Ninakwenda kwetu kwa kambo mwanaume. Sikuachi sababu umefanya vibaya. Ninakwenda sababu nyumba yangu iko kule.” Atalia. Aache alie. Machozi ya mtoto aliyeagwa yanakauka upesi kuliko ya yule aliyekimbiwa.

MAMA WAWILI, LUGHA MBILI

Watoto wa nyumba ile wako na kambo wa Katuba na babička wa Ostrava. Babička maana yake ni kambo mwanamke. Wale mama wawili wameishi miezi mitatu wakiongea kwa mikono, kwa kucheka, na kwa sukari mu chai. Ni vizuri. Lakini kuaga kwa mikono tu haitoshi.

Usiku mmoja mbele ya usiku wa mwisho, muketi pa meza jamaa nzima, na binti atafsiri. Atafsiri yote, asikate. Mama aseme asante kwa majina ya vitu: asante kwa siku ulipolala macho juu ya homa ya mtoto, asante sababu mwanangu hakujifungua peke yake, asante kwa koti ulilonipa. Asante ya jumla inasahaulika, lakini asante yenye jina inakaa. Na kama kulikuwa maneno juu ya malezi ao juu ya chakula, yasemwe pale kwa upole, yaishe pale. Yasipande ndege na kufika Lubumbashi, sababu njiani yataongezeka.

Kuko jambo moja lingine kwa jamaa za kanisa. Nchi ya Wacheki ni moja ya zile za Ulaya ambamo watu wengi wanasema hawana dini. Mama anaweza kuona siku ya Yenga inapita sawa siku zote, na moyo kumuuma. Siku ya mwisho si siku ya kuhubiri kwa hasira. Omba sala yako fupi mbele ya safari, uwaache wasimame pamoja nawe kama wanapenda. Mjukuu atakumbuka namna kambo alivyofunga macho.

WAZEE WA MIGODI WASEME

Msomaji mpenzi, sisi watu wa shaba tuko na neno la kuongea na wale watu kuliko vile tunafikiri. Ostrava ilikuwa mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1994 uchimbaji ndani ya mji wenyewe ulikoma. Wanaume waliozoea kushuka chini ya udongo walibaki wakiangalia mikono yao. Nani wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anahitaji kuelezwa ile hali? Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile tuliita “départs volontaires”. Baba mukwe wa kule na kambo mwanaume wa Katuba wangeketi pamoja, wangeelewana mbele ya kufungua kinywa.

Na kuko mengine. Upande mwingine wa nchi, mu milima ya magharibi, kuko mji mdogo unaoitwa Jáchymov, kwa Kijerumani Joachimsthal. Mu karne ya 16 walichimba feza pale, na wakatengeneza vipande vya pesa vilivyoitwa kwa jina la mji, thaler. Ile thaler ilitembea dunia na kugeuka dolari. Ndiyo, dolari tunayohesabu kila siku mu soko ya Kenya, jina lake lilitoka mu mugodi wa Wacheki.

Mawe ya Jáchymov njo yale Marie na Pierre Curie waliyotumia mwaka 1898 kugundua radiumu. Kisha Shinkolobwe yetu, karibu na Likasi, ilianza kutoa mawe yake mwaka 1921, nayo yalikuwa na radiumu nyingi kupita ya kule. Tangu pale Katanga ikashinda Jáchymov mu soko ya dunia. Kisha uraniumu ya Shinkolobwe ilikwenda Marekani kutengeneza bomu la kwanza. Na Jáchymov, nyuma ya vita, serikali ya kikomunisti ilifunga watu wake wenyewe mu makambi na kuwalazimisha kuchimba uraniumu kwa ajili ya Warusi.

Basi mjukuu wa nyumba ile ana damu ya nchi mbili za migodi, nchi zilizotoa utajiri na kupata pia mateso. Nani atamweleza? Siku zile kumi, umuombe mzee wa kule aseme habari zake, na kijana ashike telefone arekodi sauti yake. Rekodi na sauti ya kambo wa Katuba vilevile. Mzee ni kitabu kisichochapishwa mara ya pili.

VALIZI NA ZAWADI

Sasa valizi. Mu ndege nyingi kila valizi haipiti kilo 23. Babička atakuletea vyupa vya povidla, ile jamu nzito ya matunda meusi. Usikatae. Lakini viwekwe mu valizi kubwa inayokwenda chini, vizungushwe na nguo. Ukiviweka mu sakosi ya mukono vitanyanganywa pa uwanja wa ndege, sababu jamu inahesabiwa sawa maji, haipiti mililita 100.

Na wewe unaacha nini? Mwenye akili anatayarisha zawadi ya kuaga tangu Lubumbashi. Asitoe vyote siku ya kufika. Kipande cha malakiti kilichochongwa, ao picha ya shaba iliyogongwa na fundi wetu, kifichwe chini ya nguo mpaka jioni ya mwisho. Jiwe la kijani la Katanga pa meza ya mchimba makaa ni zawadi inayosema yenyewe. Nao Wacheki wako na vioo vyao. Tangu karne ya 19 ushanga wa kioo wa fasi za Jablonec uliuzwa mpaka Afrika. Ukipewa mkufu wa ule ushanga, ujue ni njia ya zamani inayoendelea.

Kwa wale watakaopanda safari ile baadaye: nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Ulaya mu mizigo ya msafiri. Samaki kavu anaruhusiwa, mpaka kilo 20, basi kapenta inaweza kwenda. Matunda na majani mabichi yanahitaji karatasi ya afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Mzigo wa sombe mbichi utaishia mu pipa la takataka, na mama atalia bure.

FEZA HAZISEMWI PA MLANGO

Kuko wengine wanaongoja dakika ya mwisho, valizi iko mu gari, kisha wanamvuta binti pembeni: “Na minerval ya wadogo zako?” Mukwe anaona, haelewi lugha, lakini anaelewa uso. Anabaki na fikara kwamba miezi mitatu yote ilikuwa njia ya kufikia pale.

Kama kuko haja, na mara nyingi kuko haja, isemwe mapema, pa meza, mbele ya wote wawili, na hesabu wazi: mtoto fulani, masomo fulani, feza kadiri fulani, mpaka mwezi fulani. Na usikilize hesabu yao pia: nyumba wanalipa kila mwezi, moto wa baridi wanalipa, shule ya watoto wanalipa. Mama aliyekaa kule amejua sasa kwamba feza haziokotwi pa barabara. Ile njo zawadi kubwa ya safari yake kwa watu wa nyumbani, hata kama haijazi valizi.

USIAHIDI USICHOWEZA

Wacheki wakiagana wanasema “na shledanou”. Maana yake ni sawa na yetu: mpaka tuonane tena. Ni neno zuri, lakini lisigeuke uongo. Pa mlango kinywa kinakuwa chepesi: “Mwaka kesho nitarudi! Krismasi nitakuwa hapa!” Na tikiti ile ilichukua miaka ngapi kupatikana? Hakuna ndege inayotoka Lubumbashi moja kwa moja mpaka Praha. Wengi wanapita Addis Ababa, kisha mji mwingine wa Ulaya. Ni njia ndefu na ya feza nyingi, na viza inaombwa upya. Mtoto anasikia “Krismasi” na kuanza kungojea. Mzee wa miaka 80 anasikia, naye anangojea kuliko mtoto.

Ahidi kidogo, ushike. Sema: “Sijui siku tutakayoonana. Lakini kila siku ya Yenga saa kumi na moja ya jioni nitaita.” Saa zetu hazituachi mbali. Tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba, saa ya Wacheki ni sawasawa na ya Lubumbashi. Wakati wa baridi yao sisi tunawatangulia saa moja tu. Mpendwa, ahadi ya kila juma inayoshikwa inapita ahadi ya Krismasi isiyokuja.

Na kama mzee anayekuaga ni mzee kweli, uwe na moyo wa kumuaga sawa vile hamtaonana tena. Si kumlilia akiwa hai. Ni kumshika mikono yote mbili, kumuangalia, kumwambia neno lako lote. Kama Mungu anawapa kuonana tena, hautakuwa umepoteza kitu.

UKIFIKA LUANO

Uweke karatasi ya manjano ya chanjo pamoja na paspoti, sababu wataiomba. Kisha mtaa mzima utakuja. “Mama, umetuletea nini?” Wapeni kidogo kilichoko, na muwape pia kweli. Usionyeshe tu foto za madaraja ya Praha. Sema kwamba mtoto anaamka saa kumi na moja mu giza. Sema kwamba mukwe ni muntu mwema kama ni mwema. Na yale aliyokuambia binti mule mu pori, siri yake, ibaki kwako na kwa baba yake.

Siku ya kwanza usiku, mbele ya kulala, uwaite kule. Umwambie mjukuu: “Kambo amefika.” Tangu pale ataamini kwamba anayekwenda anafika, na kwamba njia ile iko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

1. Mara ya mwisho tuliaga ndugu wa mbali, ni neno gani halikusemwa? Tunaweza kulisema leo kwa telefone?

2. Vijana: ni mzee gani mu jamaa yetu anajua habari za migodi ya zamani, na nani atarekodi sauti yake mbele mwezi huu haujaisha?

3. Wazazi: mtoto wetu aliye mbali, tunamuuliza feza mara ngapi, na tunamuuliza kama yuko salama mara ngapi?

Mpaka mwezi ujao, mubaki vizuri.